Kupima pumzi kwa hatua: dakika sita zinazoeleza hali ya mapafu

Asubuhi na mapema, kabla jua halijapanda juu ya vilima vya Isingiro, jerikeni za njano huwa zimekwisha kujipanga kwenye mabomba ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini-magharibi ya Uganda. Akina mama huteka maji, hujitwika, kisha hurudi nyumbani kwa njia za vumbi. Katika safari hiyo fupi, mwenye macho ya kuangalia aweza kumtambua mgonjwa kabla daktari hajamwona. Ni yule mama anayetua mzigo mara tatu mahali ambapo wenzake hawatui hata mara moja. Akiulizwa, husema kwamba anarekebisha kata kichwani, au anamngoja jirani, au kwamba uzee umeingia. Hasemi kuwa pumzi imemwishia.

Wahenga walisema kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini si kila afichaye maradhi hufanya hivyo kwa ukaidi. Kuishiwa pumzi ni ugonjwa unaokuja polepole. Mwaka wa kwanza mtu huacha kupanda kilima. Mwaka wa pili huacha kwenda sokoni. Mwaka wa tatu huwatuma watoto maji. Kila anachokiacha hukipatia sababu, hata akawa hatoki uani, na yeye mwenyewe hajui ni lini alianza kuugua.

Ndiyo sababu wataalamu wa mapafu hawatosheki na kumwuliza mgonjwa, "Je, unachoka?" Humwambia atembee, nao hupima umbali. Kipimo hicho hakihitaji mtambo wala umeme. Chahitaji njia tambarare, saa, utepe wa kupimia na mtu anayejua kazi yake. Kwa mahali kama Nakivale, ambako safari ya kwenda hospitali kubwa ni gharama kwa maskini, jambo hilo lina uzito wake.

MAKAZI YA ZAMANI, MOSHI WA KILA SIKU

Jina la Mbarara si geni kwa Watanzania wengi, hasa wa rika la vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979. Mji huo ulipewa hadhi ya jiji mwaka 2020, nao una hospitali ya rufaa inayowafunza madaktari wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichoanzishwa mwaka 1989. Nakivale iko kusini-mashariki ya jiji hilo, katika Wilaya ya Isingiro inayopakana na Tanzania. Makazi hayo yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda, na leo yana watu zaidi ya laki moja: Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na wengineo. Mkimbizi hupewa kipande cha ardhi cha kujenga na kulima. Katikati ya lugha nyingi za nyumbani, Kiswahili ni daraja la wengi.

Kinachoziunganisha nyumba hizo, kama nyumba nyingi za Afrika ya Mashariki, ni moto. Chakula hupikwa kwa kuni au mkaa, na mara nyingi mafiga matatu huwa ndani ya chumba kidogo chenye mlango mmoja. Mama hukaa karibu na moto huo kwa saa nyingi, mtoto akiwa mgongoni. Moshi huo una chembe ndogo mno zinazopenya mpaka ndani kabisa ya mapafu, na baada ya miaka mingi njia za hewa huvimba, huwa nyembamba na kukakamaa.

Utafiti mmoja uliofanywa katika Wilaya ya Masindi, kaskazini-magharibi ya nchi hiyohiyo, ulionyesha ukubwa wa jambo hili. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2015. Watu 588 wenye umri wa zaidi ya miaka 30 walipulizishwa katika mashine ya kupimia hewa, na asilimia 16.2 walionekana kuwa na ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa. Zaidi ya watu tisa katika kila kumi walikuwa wakiishi na moshi wa kuni nyumbani. Lililowashtua wengi ni kwamba wagonjwa hawakuwa wazee peke yao; wengi walikuwa hawajatimiza miaka 40. Kisingizio cha uzee, basi, hakina msingi.

Pamoja na moshi kuna kifua kikuu. Dawa huua vijidudu, na mgonjwa huambiwa kwamba amepona, jambo ambalo ni kweli. Lakini vita ikiisha, shamba hubaki na mashimo. Mapafu yaliyoliwa na kifua kikuu huweza kubaki na makovu, na mtu akaendelea kutweta miaka mingi baada ya kumeza kidonge cha mwisho. Mtu huyo akirudi kupimwa makohozi na vijidudu visionekane, kuna hatari ya kuambiwa kwamba hana kitu, akaenda zake na pumzi yake fupi. Kuna pia pumu, na kuna tumbaku, ambayo huwaharibu hata wasioivuta lakini wanalala chumba kimoja na mvutaji.

KUPULIZA NA KUTEMBEA NI MAMBO MAWILI

Mashine ya kupulizia, iitwayo spirometa, ni chombo cha thamani. Hueleza mtu ana uwezo wa kutoa hewa kiasi gani na kwa kasi gani, na kwa hiyo humsaidia daktari kuutambua ugonjwa. Lakini haimwambii iwapo mgonjwa aweza kufika kisimani. Watu wawili waweza kupuliza sawasawa, mmoja akalima shamba lake na mwenziwe akashindwa kuvuka ua. Kutembea hushirikisha mapafu, moyo, damu, misuli ya miguu na hata moyo wa kuthubutu, vyote kwa pamoja. Aliyekaa kitako mwaka mzima kwa kuogopa kutweta, miguu yake imekwisha kunyong'onyea. Na miguu dhaifu hudai pumzi nyingi zaidi kwa kazi ileile.

Fikra ya kupima kwa umbali ilianzia kwa watu wenye afya. Mwaka 1968 daktari wa jeshi la anga la Marekani, Kenneth Cooper, alitangaza kipimo cha kukimbia kwa dakika 12. Mwaka 1976 madaktari wa Uingereza waliichukua fikra hiyo, wakaondoa mbio, wakawatembeza kwa dakika 12 wagonjwa wenye mkamba sugu. Ilionekana kwamba kwa wagonjwa dakika 12 ni nyingi mno, na mwaka 1982 ikathibitika kuwa dakika sita zatosha. Chama cha madaktari wa kifua cha Marekani kiliandika kanuni zake mwaka 2002, na mwaka 2014 wataalamu wa Ulaya na Marekani wakatoa kanuni za pamoja zilizoongeza mengi waliyojifunza.

NAMNA KIPIMO KINAVYOFANYWA

Huchaguliwa njia iliyonyooka, ngumu na tambarare, yenye urefu wa mita 30, mahali pasipopitwa na watu. Kila mwisho huwekwa alama ya kugeukia, na kando ya njia huwekwa kiti. Mgonjwa huja na viatu anavyovizoea. Anayetumia mkongojo huja nao. Mwenye dawa za kila siku huzitumia kama kawaida. Kwanza hukaa na kupumzika, kisha hupimwa mapigo ya moyo na oksijeni ya damu kwa kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni. Huulizwa pia anavyojisikia, kwa hesabu ya sifuri mpaka kumi: sifuri ni kutohema kabisa, kumi ni kuhema kusikovumilika. Hesabu hiyo hubeba jina la Gunnar Borg, mwanasaikolojia wa Sweden aliyeitunga.

Kisha mgonjwa huelezwa: atembee kadiri awezavyo kwa dakika sita, akienda na kurudi, bila kukimbia. Aweza kupunguza mwendo. Aweza kusimama na kuegemea ukuta, akaendelea apatapo nafuu. Lakini saa haisimami. Mwishoni huhesabiwa mita zote alizotembea, na kipimo cha kuhema, mapigo ya moyo na oksijeni huandikwa tena.

Mtu wa nje angedhani kwamba kazi kama hiyo yaweza kufanywa ovyoovyo. Sivyo hata kidogo. Njia ikiwa fupi, mgonjwa hugeuka mara nyingi, na kila mgeuko humla hatua. Aliyepimwa kwenye njia ya mita 10 hawezi kulinganishwa na aliyepimwa kwenye ya mita 30. Mpimaji akitembea mbele ya mgonjwa, humvuta aende kasi isiyo yake. Anayepimwa leo asubuhi kivulini na mwezi ujao adhuhuri juani atakuwa amepimwa mara mbili kwa vipimo viwili. Tena, karibu kila mtu hutembea zaidi mara ya pili, kwa sababu amekwisha kuijua kazi yenyewe. Kwa hiyo kanuni za 2014 zinataka kipimo kifanywe mara mbili baada ya mapumziko, na matokeo bora ndiyo yaandikwe.

Hata maneno yana kanuni yake. Maneno ya kutia moyo huongeza mita, na kwa hiyo hayaachwi kwa kila mpimaji kusema apendavyo. Kila dakika hutamkwa sentensi zilezile, kwa sauti ileile ya utulivu: "Unaendelea vizuri, mama. Zimebaki dakika tano." Dakika ikipita: "Endelea hivyo hivyo. Zimebaki dakika nne." Hapo ndipo lugha inapokuwa sehemu ya kipimo. Mama kutoka Kivu anayeelezwa kwa Kiingereza na mkalimani wa kuokotwa mlangoni huenda akaelewa kwamba anaharakishwa, akatimua mbio na kuishiwa baada ya dakika moja. Au akaelewa kwamba anaambiwa asijichoshe, akatembea kama aendaye matembezi. Mita zitakazoandikwa zitakuwa za kutoelewana, si za mapafu. Kituo kinachowahudumia watu wa lugha nyingi chapaswa kuwa na sentensi hizo zimeandikwa tayari kwa Kiswahili, Kinyarwanda, Kisomali na Kinyankole, na zisomwe kama zilivyo.

Kuna pia mambo ya usalama. Aliyepatwa na shambulio la moyo karibuni hapimwi. Kipimo husimamishwa mara moja mgonjwa akipata maumivu ya kifua, akipepesuka, akitokwa na jasho jingi au akipauka, au oksijeni ya damu ikishuka chini ya asilimia 80. Na kile kifaa cha kidoleni nacho kisiaminiwe kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa watu weusi mara nyingine huonyesha oksijeni nyingi kuliko iliyomo katika damu. Mpimaji mwerevu huangalia kifaa, na huangalia pia uso wa mgonjwa.

MITA ZINASEMA NINI

Matokeo ya kipimo hiki si ya kushindania. Mrefu hutembea zaidi ya mfupi, na kijana zaidi ya mzee. Mgonjwa hulinganishwa hasa na nafsi yake ya jana. Wataalamu hukadiria kwamba badiliko la mita 30 hivi ni badiliko la kweli, linalohisika katika maisha ya mtu. Aliyetembea mita 310 akafikia 345 baada ya matibabu, amepata kitu. Aliyeshuka kutoka 310 hadi 260 ana jambo linaloendelea mwilini, hata kama mwenyewe anasema hajambo.

Mita hizo husaidia pia kuonyesha hatari iliyo mbele. Mwaka 2004 watafiti wa magonjwa ya kifua walitangaza hesabu inayojumlisha unene wa mwili, kuziba kwa njia za hewa, kiasi cha kuhema na umbali wa dakika sita. Katika hesabu hiyo, mgonjwa anayefikisha mita 350 haongezewi alama yoyote ya hatari. Chini ya hapo alama huongezeka, na asiyefikia mita 150 hupewa alama za juu kabisa. Si hukumu, bali ni taarifa inayomwezesha mganga kuamua nani apelekwe Mbarara wiki hii na nani aweza kungoja. Mgonjwa ambaye oksijeni yake ni nzuri akiwa ameketi na huporomoka akitembea angepita bila kuonekana katika chumba cha daktari. Njia ya mita 30 humfichua.

KUTOKA LEICESTER HADI KAMPALA

Kuna kipimo ndugu ambacho hakimwachii mgonjwa kuchagua mwendo. Alama mbili huwekwa mita tisa kati yake, ili mzunguko wa kila upande utimie mita kumi, na kinasa sauti hutoa mlio. Mgonjwa hutakiwa awe amefika alama ya pili mlio unapolia. Mwanzo ni mwendo wa polepole kabisa. Kila dakika milio husogeleana, mpaka mgonjwa ashindwe kuifikia. Kipimo hiki kilitangazwa mwaka 1992 na Sally Singh na wenzake wa Leicester, Uingereza, mji ambao miaka 20 kabla ya hapo ulipokea Waasia wengi waliofukuzwa Uganda.

Kipimo hichohicho kilikuja kutumika Kampala, na matokeo yake ndiyo habari njema katika maelezo haya yote. Watafiti wa Uganda na Uingereza waliwachukua watu 34 waliobaki na mapafu yenye makovu baada ya kifua kikuu. Kwa wiki sita walifanyishwa mazoezi ya mwili chini ya usimamizi na kufundishwa namna ya kuishi na maradhi yao. Waliomaliza ni 29. Kwa wastani walianza na mita 299, na mwisho wa mazoezi wakafikia mita 377, kwa mujibu wa taarifa iliyochapishwa mwaka 2017.

Yafaa ieleweke vizuri kilichotokea hapo. Makovu hayakufutika. Kilichoongezeka ni nguvu ya miguu, ustadi wa kupumua na ujasiri wa kutoka nje. Mita 78 katika karatasi ya hospitali ni kidogo. Lakini katika maisha ya nyumbani zaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya kumtuma mtoto maji saa za shule na kwenda mwenyewe.

WAJIBU WA NYUMBANI

Kipimo chenyewe ni kazi ya mhudumu aliyefunzwa, na mgonjwa asikijaribu peke yake uani. Lakini nyumba yaweza kufanya mengi kabla na baada yake.

Kwanza, watu wa nyumbani waangalie. Ni mara ngapi mama anatua mzigo? Je, anaongea huku anatembea, au lazima asimame ndipo ajibu? Kazi gani aliifanya mwaka jana ambayo leo anaikwepa? Majibu ya maswali haya yapelekwe kituo cha afya yakiwa yamehesabiwa, maana "anachoka" haimsaidii mganga kama "anasimama mara nne kutoka bombani".

Pili, kikohozi cha wiki mbili au zaidi, makohozi yenye damu, jasho la usiku na kukonda visingojwe. Makohozi yapimwe kifua kikuu, hata kama mtu aliwahi kuugua na kupona.

Tatu, moshi upunguzwe. Jiko litolewe nje au chini ya banda lililo wazi pande zake. Kuni zikaushwe kabla ya kutumiwa. Watoto wadogo wasikalishwe karibu na moto. Mkaa usiwashwe kamwe katika chumba kilichofungwa ambamo watu wamelala, kwani hewa yake huua kimya kimya. Mwenye kuvuta tumbaku aache, na angalau asivutie ndani.

Nne, mgonjwa asifungiwe kitandani kwa huruma. Mganga akishampa ruhusa, atembee kila siku kwa kiasi chake, apumzike, atembee tena. Anapohema, avute hewa kwa pua na kuitoa polepole kwa midomo iliyobanwa kama apulizaye moto wa jiko. Baba na vijana wa nyumba wachukue mizigo mizito bila kungoja kuombwa, wala wasimwite mvivu anayesimama njiani.

Katika njia za vumbi za Nakivale, kama katika vijiji vingi vya Afrika ya Mashariki, kipimo cha pumzi hufanyika kila asubuhi bila mpimaji: kutoka bombani mpaka mlangoni. Yule mama anayetua jerikeni mara tatu amekwisha kupimwa, na jibu lake liko wazi kwa kila apitaye. Kilichobaki ni mtu mmoja wa nyumbani kulisoma, akamshika mkono na kumpeleka kituoni.